Mduara wa Petrolaka

Kosa lilikuwa kulinenepesha kanisa, na kwa hilo Petrolaka haikuwa na wa kumsingizia. Walilinenepesha wenyewe, kwa mikono yao, na sababu ilikuwa wivu.

Desturi ya kijiji hiki cha milima ya Ugiriki ni ya tangu enzi za kutawaliwa na Waturuki. Kila tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Panagia, Mama wa Mungu, ibada ikiisha watu wote wa kijiji hushikana mikono na kulizunguka kanisa lao wakiimba, bila klarineti wala ngoma, mpaka mkono wa mtu wa kwanza ukutane na mkono wa mtu wa mwisho. Mduara ukifunga, Panagia amekubali kukaa nao mwaka mwingine. Hapo ndipo mbuzi hutolewa tanurini na watu huanza kula. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje usipofunga, kwa kuwa siku zote ulifunga. Hata mwaka ule Wajerumani walipokichoma kijiji, watu walizunguka kuta nyeusi zisizo na paa, wamepakaa masizi mpaka kwenye kope, na wakafunga.

Stamata alikuwepo, msichana mdogo ameshika sketi ya mama yake. Mama yake, Fotini, ndiye aliyeingia kanisani moto ukiwa umeshapanda kwenye boriti, akaitoa ikoni, picha takatifu ya Panagia, akiwa ameifunika kwa aproni, akakimbia nayo hadi kwenye pango la juu. Nywele za upande mmoja wa kichwa chake hazikuota tena. Watu walipomsifu, alikuwa akiwakatiza. "Mlitaka nimwache ndani? Mwenye nyumba yeye, mpangaji mimi."

Baada ya vita walilijenga kanisa upya, dogo kama lilivyokuwa, wakipasiana mawe mkono kwa mkono kutoka mtoni mpaka juu. Kwa kanisa lile dogo, mduara ulifunga na watu wakazidi. Kisha wanaume wakaanza kuondoka, huyu Stuttgart, yule Melbourne, na wasichana wakawafuata. Chini bondeni, mahali palipokuwa kinamasi cha mbu, kulikuwa na kitongoji cha Kambos, na kinamasi kilipokaushwa kitongoji kikapata barabara, kikapata kituo cha basi, mwishowe kikajenga kanisa lenye kuba la bluu. Petrolaka wakaliona kuba lile kutoka juu, kila asubuhi wakifungua madirisha, na likawakaa kooni. Watu wa Kambos, wale vyura, wawe na kanisa kubwa kuliko letu? Barua zikaenda Melbourne, dola zikaja. Wakaongeza ubavu wa kulia, wakaongeza wa kushoto, wakaongeza baraza la nguzo na mnara wa kengele. Aliyepiga sururu ya kwanza alikuwa Anagnostis, mume wa Stamata, Mungu amrehemu, akijipiga kifua kama jogoo.

Kanisa likanenepa, kijiji kikakonda. Siku moja ya Agosti walishikana mikono kama kawaida, wakafika nyuma ya madhabahu mpya, na mikono ikawaishia. Wakatoa leso, mmoja akashika ncha hii na mwenzake ncha ile, wakafunga. Mwaka uliofuata leso zikawa nyingi zaidi. Mwaka jana pengo lilikuwa la aibu hasa, mpaka Polixeni jirani akakimbia nyumbani akarudi na kitambaa cha meza.

Kambos nzima ilicheka. Dereva wa basi alikuwa akiwauliza abiria wa Petrolaka, "Vipi, Panagia bado yupo, au kaondoka na vyombo?"

Lakini mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Aristidis, mwenyekiti wa Kambos, mtu wa kazi, asiyepayuka. Alikwenda kwa askofu, akasema maneno ambayo hata Stamata hakuweza kuyaita uongo: kwamba wakati wa baridi Petrolaka hubaki wazee wachache, kanisa halifunguliwi kwa majuma, ikoni inaota ukungu na panya wanacheza chini yake, na huko Kambos kuna watoto ambao hawajawahi kuibusu. Askofu akakata shauri. Sikukuu hii mduara ufungwe kwa mikono, si kwa vitambaa. Wakishindwa, ikoni itashuka Kambos na itakaa huko moja kwa moja.

Na huyo Aristidis ndiye mtoto wa ubatizo wa Stamata. Ni Stamata aliyempokea mikononi alipotolewa kwenye birika la ubatizo, anateleza kwa mafuta kama samaki, na ndiye aliyempa jina. Tangu habari ya askofu ifike, Stamata alikuwa hamsemeshi. Alishuka sokoni Kambos, akampita kama anapita nguzo ya umeme.

Kazi ikaanza. Simu ya kijiji ilikuwa moja, ukutani kwenye duka la kahawa, na Stamata akaikalia kiangazi chote. Alipiga Athene, alipiga Stuttgart, aliwapigia watu walioondoka wakiwa wamebebwa mgongoni.

"Mwanangu, usinitumie kadi," alikuwa akipiga kelele kwenye simu, maana aliamini Ujerumani ni mbali. "Kadi haina mikono! Njoo wewe mwenyewe na mkeo... Mjerumani? Ana mikono mingapi? Basi mlete!"

Bibi harusi aliyeolewa Petrolaka ni wa Petrolaka, hilo halikuwa na ubishi hata awe Mjerumani. Ubishi ulikuwa upande wa pili. Mabinti wa Petrolaka walioolewa nje walikuwa wengi, na nusu yao wako Kambos. Stamata akalileta hilo mbele ya Barba Zisis, mzee aliyeongoza nyimbo za mduara, mwenye masharubu ya njano kwa tumbaku na kauli ya mwisho juu ya kila desturi.

"Haiwezekani," Barba Zisis akasema, hata kikombe hakukiweka chini. "Aliyeolewa Kambos anacheza Kambos."

"Barba, hao ni dada zetu."

"Walikuwa. Wakashuka kula vyura kwa hiari yao. Baba yako alimtoa shangazi yako mwenyewe kwenye mduara kwa kosa hilohilo, nami nilikuwepo. Leo unataka tuombe mikono Kambos? Si bora tumpakie Panagia kwenye gari sisi wenyewe?"

"Kwa hiyo bora tushindwe kwa heshima?"

"Bora tushinde kwa heshima. Piga simu, Stamata. Sauti unayo."

Duka zima likacheka, naye Stamata akacheka bila kupenda, kisha akarudi kwenye simu. Moyoni alikuwa amekasirika, ila mzee alikuwa amesema kweli juu ya baba yake, na neno la baba yake lilikuwa zito kwake.

Siku ikafika, na watu wakafika. Basi la Athene lilipanda likipiga honi kila kona. Yakaja magari ya namba za Ujerumani, yamejaa watoto weupe kama jibini wanaosema Kigiriki cha kuhesabu maneno. Tanuri zote zikawashwa. Stamata aliusimamia ua kama jenerali, amevaa nguo yake nyeusi ya sikukuu, akibusu mashavu na kupanga watu kwa mpigo mmoja. "Wewe na mkeo huku. Wewe acha kupiga picha, mkono huo tunauhitaji."

Kambos nao walipanda. Walikuja wengi kuliko kawaida, wakakaa kwenye ukuta wa ua wakiwa na karanga zao, wanaume, wanawake na watoto. Nje ya lango waliegesha gari dogo la mizigo lililopambwa kwa maua na matawi ya mbaazi mwitu, na kiti kimewekwa katikati, kimetandikwa shali nyekundu. Kila aliyeingia kanisani alilazimika kulipita.

"Maua mazuri," Polixeni akawaambia. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Bi Polixeni," kijana mmoja akajibu kutoka ukutani. "Kuna mtu anahama."

Aristidis alisimama peke yake karibu na lango, koti begani, macho chini.

Ibada ikaisha. Padri Lambros, ambaye alihudumia vijiji vyote viwili na kwa sababu hiyo hakuwa na raha siku hiyo, alitoka na ikoni akasimama nayo mlangoni. Barba Zisis akakohoa, akaufungua wimbo, ule wa mabwana-harusi walioenda vitani. Stamata akashika nafasi ya kwanza kwenye kona ya kulia ya baraza, mkono wa kushoto umeachwa wazi, wa kulia umemshika Polixeni, na mstari ukaanza kwenda. Ulipita nguzo ya kona, ukapita ubavu wa kulia, ukapotelea nyuma ya kanisa. Wimbo ukasikika ukizunguka upande wa pili, sauti za wazee mbele, za watoto wa Stuttgart nyuma zikikosea maneno. Stamata akaitazama kona ya kushoto, mahali ambapo mtu wa mwisho alipaswa kutokea.

Akatokea. Alikuwa mwalimu mstaafu, amenyoosha mkono mpaka shati limetoka suruali. Akasimama hapo. Nyuma yake mstari ulikuwa umetanuliwa mpaka watu wameshikana kwa ncha za vidole, na kati yake na Stamata kulikuwa na upana wote wa mbele ya kanisa, baraza zima la Anagnostis, pamoja na ngazi.

Wimbo ukafa wenyewe. Ukutani waliacha kutafuna karanga, maana hata watu wa Kambos hawakutegemea pengo kama lile. Mtoto mmoja tu ndiye aliyeuliza kwa sauti kama sasa watakula.

"Tuvute!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Vuteni!"

Wakavuta. Mwalimu akasogea hatua mbili, huko nyuma mikono ikaachana, ikabidi arudi.

Barba Zisis akavua kofia. Padri akaiangalia ikoni, akaliangalia gari. Kijana wa Kambos akaruka kutoka ukutani akaenda kufungua mlango wa nyuma wa lile gari, na sauti ya komeo ikasikika ua mzima.

Stamata akamwona akilini mama yake, na kitambaa kichwani kikificha upande ulioungua, akaona haya, haya ya kweli, kama vile yeye mwenyewe ndiye aliyewasha moto. Halafu akawatazama wale watu wa Kambos waliopangana ukutani, mmoja mmoja. Yule mwanamke mnene mwenye kikapu alibebwa akiwa mchanga mpaka hapa juu ya punda siku ya mvua, Stamata alimkumbuka. Yule mwenye masharubu alilia mpaka akazimia, wakadhani wamemwua. Kambos ilikuwa imekaa miaka na miaka bila kanisa wala padri, na kila mtoto aliyezaliwa kwenye mbu kule chini aliletwa huku juu kuzamishwa. Hapa, kwenye birika lao hili la shaba, lenye upande uliobonyea.

Akageuka kwa padri bila kuuachia mkono wa Polixeni.

"Padri, nina swali la dini."

"Sasa hivi, Stamata?"

"Sasa hivi. Mtu ni wa kanisa gani?"

Padri Lambros alimtazama. Hakuwa mjinga, akaanza kuelewa, na jasho likamtoka. "La alikobatizwa," akasema. "Nikisema vingine nitakuwa nimejifukuzisha kazi."

"Barba Zisis, umesikia?"

"Nimesikia, na najua unakokwenda!" Mzee alikuwa mwekundu mpaka masikio. "Hao ni vyura, Stamata! Baba yako..."

"Baba yangu alikuwa na watu wa kuchezea, akawatoa. Mimi sina. Ni vyura, sawa, lakini ni vyura wa maji yetu!"

Mtu akacheka, kisha wengi. Stamata hakucheka. Sasa ilibidi amwite, na alijua kwamba akimwita mbele ya vijiji viwili na asije, hatakuwa na uso wa kuishi nao, si Kambos wala Petrolaka. Akaunyoosha mkono wa kushoto kuelekea langoni.

"Aristidis!"

Mwenyekiti wa Kambos akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo kumsikia akilitaja jina lake.

"Naam, mama."

"Nani alikutoa majini?"

Koti lilimteleza begani, akaliacha lianguke.

"Nimekuuliza. Nani alikutoa majini, nani alikupa hilo jina unalolitia sahihi kwa askofu?"

"Ni wewe, mama."

"Wapi?"

"Hapa."

"Basi mkono wangu huu hapa. Sikulazimishi. Ukiona utakuharibia mipango, uache."

"Mwenyekiti, usiende!" wakampigia kelele kutoka ukutani. "Mwenyekiti, ikoni tunayo tayari! Ni ujanja wa hawa mbuzi wa mlimani!"

Aristidis alisimama pale kati ya gari lenye maua na yule mama mwenye nguo nyeusi. Kisha akawageukia watu wake, akafungua mikono kama mtu aliyekamatwa.

"Mama yangu wa ubatizo ananiita," akasema. "Mlitaka nifanyeje, nijifanye kiziwi?"

Akavuka ua. Aliinama akaubusu mkono wa Stamata, kama inavyompasa mtoto wa ubatizo, na Stamata akauhisi uso wa Aristidis umelowa machozi. Hakumpa nafasi ya kunyanyuka vizuri, alimkamata kiganja akamweka kushoto kwake.

"Mimi nilifanya vile kwa ajili ya Panagia, mama," akamnong'oneza. "Huku juu anakaa peke yake."

"Najua. Ungekuja kuniambia mimi, punda wewe, si askofu."

"Ungenisikiliza?"

"Ningekupiga. Halafu ningekusikiliza. Simama wima."

Yule mwanamke mnene alikuwa ameshaweka kikapu chini. "Na mimi ni wa maji haya," akasema, akashuka ukutani kwa shida, "na mama yangu aliolewa kutoka hapa, akatolewa kwenye mduara, akalia mpaka anakufa. Nani anazuia?" Hakuna aliyezuia. Yule mwenye masharubu wa Kambos akafuata, akawavuta ndugu zake wawili. Wakaja wanawake waliozaliwa Petrolaka, wale walioolewa chini, wakikimbia hasa, mikono imenyooshwa, na dada zao wakalia kwa sauti walipowaona. Mwisho yule kijana akaliacha gari wazi akaja huku akipangusa viganja kwenye suruali.

"Wewe ulibatizwa Kambos, tulishajenga kanisa," Aristidis akamwambia.

"Bibi yangu alibatizwa hapa. Haihesabiki?"

Watu wote wakamtazama Barba Zisis. Mzee alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, na haikujulikana kama atalaani au atalia. Akaivaa kofia.

"Ingia, mtoto wa chura," akasema. "Usinikanyage."

Akauanza wimbo upya, kutoka mwanzo, kwa sauti ambayo hakuwa nayo tangu ujana wake. Safari hii wimbo haukuzunguka kanisa kidogokidogo. Ulitoka pande zote kwa pamoja, maana Kambos nao waliujua, waliujua wote, mama zao waliwaimbia. Pengo la mbele likajaa. Ngazi zikajaa. Wakawa wengi mno, ikabidi mstari urudi nyuma na kupinda kuzunguka mnara wa kengele, kisha mlozi wa uani. Wanenepeshaji wa kanisa, walioko Melbourne na walioko kaburini, siku hiyo wangeweza kuongeza ubavu mwingine na watu wangetosha.

Kuna jambo la mwisho hufanywa na wa kwanza, na bila hilo mduara hauhesabiwi. Hubana mkono wa jirani yake mara moja, kwa nguvu, na jirani humbana wa pili, na wa pili wa tatu, bila neno, mpaka ule mbano ulizunguke kanisa lote na kumrudia upande wa pili. Haujawahi kupita kitambaani. Kwa miaka yote ya leso Stamata alikuwa akibana na kungoja bure, kisha anadanganya kwamba umefika.

Akambana Polixeni. Wimbo ukashuka, watu wakijua. Stamata akafumba macho. Aliufuata kwa mawazo, umepita nguzo, umepita ubavu wa kulia, uko nyuma ya madhabahu kwa watoto wa Stuttgart, Mungu wangu wasije wakasahau, uko kwa yule Mjerumani, uko kwa mwalimu. Ulichelewa. Ulikuwa na watu wengi wa kupita. Akaanza kusema "Panagia, Panagia" bila sauti.

Kisha kiganja kigumu cha Aristidis kikambana mkono wa kushoto, kikambana kwa nguvu mpaka pete ikamuuma.

"Umefika!" Stamata akapiga kelele, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na watu. "Padri! Mrudishe ndani mwenye nyumba! Umefika!"